Kinga ya mfanyakazi wa hospitali dhidi ya maradhi ya watoto: mwongozo kamili kwa wanaosimamia wodi Unguja na Pemba

Nilipopewa kazi ya kusimamia udhibiti wa maambukizi katika hospitali moja kisiwani Pemba, nilipita wodi kwa wodi na daftari mkononi nikiuliza swali moja tu: una kinga ya surua? Nilipata majibu ya aina tatu. "Nadhani ninayo." "Mama angekuwa hai ndiye angejua." Na la tatu, la mwanamme mmoja wa mapokezi, huku anacheka: "Kwani mie mtoto?"

Hilo la tatu ndilo lililonikalisha chini kuandika haya. Tumezoea kuyaita maradhi ya watoto: surua (wazee wetu husema shurua), rubela, tetekuwanga, matubwitubwi au perema, kifaduro, dondakoo. Jina hilo limewatia wakubwa usingizini. Yaliitwa ya watoto kwa sababu yanaambukiza mno, hata zamani ilikuwa nadra mtu kubaleghe bila kukutana nayo. Aliyefika ukubwani bila kinga, yakimpata humuumiza kuliko yanavyomuumiza mtoto wa skuli. Tetekuwanga humshuka mtu mzima mapafuni. Perema humvimbisha mwanamme korodani. Rubela, ambayo kwa mtoto ni vipele vya siku tatu, ikimpata mama katika wiki 12 za mwanzo wa mimba, hatari ya mtoto kudhurika tumboni hufika hadi asilimia 90: mtoto wa jicho, uziwi, moyo wenye tundu. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, ndiye aliyeugundua uhusiano huo mwaka 1941, baada ya kuona watoto wachanga wengi mno wana mtoto wa jicho.

Na sisi watu wa visiwani tuna la kujifunza kwa wenzetu wa visiwani. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini ya bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana tangu 1781. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Ludvig Panum, alikuta wameugua watu kama 6,000 kati ya 7,800, wakubwa kwa wadogo. Wazee waliougua ile ya 1781 haikuwarudia. Miaka 65 ilikuwa imepita na kinga yao ingalipo. Kwa hiyo kuzungukwa na bahari hakumkingi mtu, kunamcheleweshea tu zamu yake. Nasi boti zinafunga bandari ya Mkoani, hapa Pemba, zimejaa abiria, na mtoto mwenye homa anashuka nazo.

Hatua ya kwanza: andika majina ya watu wote, si ya wauguzi peke yao

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na madaktari, wauguzi, wakunga na watu wa maabara. Nikaridhika nayo. Halafu nikakaa mapokezi asubuhi moja nikihesabu nani anavuta hewa moja na mama aliyembeba mtoto mgonjwa kabla hajamfikia muuguzi. Alikuwepo mlinzi wa getini. Alikuwepo anayeandika majina, tena huyo ndiye anayeinamiana na mtoto uso kwa uso. Yuko anayepiga deki, dereva wa gari ya wagonjwa, dobi anayepokea mashuka, wanafunzi wa uuguzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na kijana anayeuza maji kwenye benchi za wagonjwa wa nje ambaye hakuajiriwa na mtu lakini yupo kila siku.

Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Havitizami cheo. Andika wote. Wasioajiriwa rasmi waandikie ukurasa wao, maana hao utumishi hauna majina yao, na hao ndio watakaokosekana siku utakapowatafuta.

Kwa kila mtu andika jina, idara, mwaka wa kuzaliwa, na simu anayoipokea usiku. Mwaka wa kuzaliwa usiuone mdogo. Utaona sasa hivi kazi yake.

Hatua ya pili: tafuta ushahidi, usitafute kumbukumbu

Mama mmoja wa usafi, mtu mzima wa kuheshimika, aliniambia: "Shurua nishaugua, mwanangu. Nililazwa ndani chumba cheusi, nikaogeshwa majani ya mwarobaini siku saba." Sikumbishia. Lakini vipele vyenye homa utotoni vinaweza kuwa surua, vinaweza kuwa rubela, vinaweza kuwa kitu kingine kabisa, na mwarobaini wameogeshwa wote hao. Kwa surua na rubela, maneno ya "niliugua" pekee hayatoshi. Kinachokubalika ni kimoja kati ya viwili: maandishi ya chanjo yenye tarehe, au majibu ya maabara yanayoonyesha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa huo.

Tetekuwanga ndiyo tofauti kidogo. Ugonjwa huo sura yake haifichiki, vipele vya maji vinavyotoka kwa mafungu, na makovu yake mara nyingi hubaki usoni au mgongoni. Mtu aliyeambiwa na daktari au mganga wa kituo kuwa ana tetekuwanga, au aliyewahi kupata mkanda wa jeshi, mkubali. Anayesema sijui, mhesabu hana. Wala usidhani kila mkubwa wa huku kwetu ameshaipata: katika nchi za joto tetekuwanga huwapata watu wakiwa na umri mkubwa kuliko kule kwenye baridi, kwa hiyo wakubwa wasio na kinga ni wengi kuliko tunavyofikiri.

Sasa mwaka wa kuzaliwa. Mpango wa taifa wa chanjo Tanzania ulianza 1975. Aliyezaliwa kabla ya hapo kadi usimdai. Chanjo ya homa ya ini B (hii si ya watoto, lakini mfanyakazi wa hospitali huipata kwa damu ya mgonjwa) iliingia kwenye ratiba ya watoto 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla yake hawakuipata utotoni. Rubela iliingia 2014, ikiunganishwa na surua, na mwaka huohuo ikawekwa dozi ya pili: ya kwanza miezi 9, ya pili miezi 18. Oktoba 2014 ilifanyika kampeni kubwa iliyowafikia watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15.

Mchukue muuguzi aliyezaliwa 1997. Oktoba 2014 alikuwa na miaka 17, kampeni ilimpita. Kadi yake, akiipata, itakuwa na dozi moja ya surua aliyochomwa akiwa na miezi 9, na dozi ya umri huo huwakinga watoto kama 85 katika kila 100. Rubela hana. Homa ya ini B hana, ila kama alichanjwa chuoni. Sasa mchukue mdogo wake aliyezaliwa 2003: homa ya ini B huenda anayo, na kampeni ilimkuta yuko skuli. Ndugu wawili, tumbo moja, nyumba moja, kazi moja, kinga mbili mbali. Ukiwa na mwaka wa kuzaliwa tu unaweza kubashiri nusu ya orodha yako kabla hujaonana na mtu.

Kadi zinapatikana wapi? Kwenye sanduku la mama. Sifanyi mzaha. Niliwaomba wenzangu waende nao nyumbani wikiendi, na mmoja alirudi kutoka Konde na kadi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za karafuu za marehemu babake. Wino wa zambarau ulishapauka, lakini mstari wa surua ulisomeka, tarehe na saini. Ile kadi nikaipiga picha, nikaichapa, nikaibandika kwenye faili lake, na yeye akarudi nayo kwa mama. Ikikosekana kadi, jaribu daftari la kliniki ya mama na mtoto alikochanjwa. Baadhi ya vituo vyetu vina madaftari ya zamani, ukivumilia vumbi.

Ajabu ni kwamba wengi waliokosa kadi ya surua walikuwa na kitabu cha njano cha chanjo za safari, kilichohifadhiwa vizuri na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ya Hija. Tunaweza kutunza karatasi tukitaka.

Hatua ya tatu: kupima au kuchanja moja kwa moja?

Swali hili hupoteza miezi. Msimamo wangu: kwa surua na rubela, asiye na ushahidi achanjwe, asipimwe. Kipimo cha kingamwili kina gharama, sampuli inasafirishwa, majibu yanasubiriwa, na mtu ambaye sindano ingemalizia kazi asubuhi hiyo anabaki wazi wiki tatu. Kumchanja mtu ambaye tayari ana kinga hakumdhuru. Na mwenye dozi mbili za surua kwa maandishi usimpime kabisa. Ukimpima na majibu yakaja ya kutatanisha utakuwa umejitafutia shughuli.

Homa ya ini B ni kinyume. Hiyo pima kwanza kama mtu tayari ana virusi, kwa sababu wapo wanaoishi navyo bila kujua na hao wanahitaji matibabu, si chanjo. Majibu yake ni siri yake. Hayaandikwi kwenye daftari la wodi na hayampotezei mtu kazi. Ukiruhusu hilo litokee mara moja, hakuna atakayekuja kupimwa tena.

Hatua ya nne: panga nani achanjwe nini, na lini

Surua na rubela kwa sindano moja ya pamoja: mtu mzima asiye na ushahidi wowote apate dozi mbili, zikipishana siku 28 au zaidi. Mwenye dozi moja iliyoandikwa aongezewe moja. Kwa upande wa rubela dozi moja hutosha, lakini kwa kuwa zimo kichupa kimoja hutahitaji kuzihesabu mbalimbali.

Homa ya ini B: dozi tatu, leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya tatu apimwe kingamwili. Kiwango kinachotakiwa ni 10 mIU/mL au zaidi. Watu wengi husahau kipimo hiki, nacho ndicho kinachokupa usingizi siku mtu akijichoma. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B humwambukiza asiye na kinga kati ya mara 6 na 30 katika kila 100. Ya VVU ni kama mara 3 katika 1,000. Tunaogopa sana la pili, la kwanza tunalipuuza, na la kwanza ndilo lenye chanjo.

Pepopunda na dondakoo, chanjo ya pamoja ya wakubwa: hapa nataka uwatazame wanaume. Mwanamke aliyezaa ameshachomwa kliniki ya wajawazito, pengine zaidi ya mara moja. Mwanamme alichomwa akiwa mchanga, basi. Madereva, walinzi, mafundi wa hospitali wanaoshika misumari na mabati, hao ndio waliosahaulika. Wapange kwa ratiba ileile ya kliniki: ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, kisha mbili za mwaka kwa mwaka.

Tetekuwanga na perema hazimo kwenye ratiba ya taifa. Ukiweza kupata chanjo ya tetekuwanga kwa njia nyingine, anza na wodi ya wazazi, wodi ya watoto wachanga na wanaohudumia wagonjwa wenye kinga dhaifu. Ni dozi mbili zinazopishana wiki 4 au zaidi. Usipoipata, kazi yako ni kujua nani anayo kinga na nani hana, ili siku mgonjwa akija ujue wa kumpeleka chumbani. Kifaduro nacho: ya utotoni huisha nguvu kwa miaka, kwa hiyo mkunga mwenye kikohozi cha wiki mbili asimkaribie mtoto mchanga mpaka daktari amwone.

Kanuni ndogo isiyokumbukwa: chanjo mbili zenye virusi hai, kama surua-rubela na tetekuwanga, ama zichomwe siku moja, ama zipishane wiki 4. Na kama mtu anatakiwa kufanya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kifanywe siku ileile ya chanjo au kisubiri wiki 4, vinginevyo majibu yanaweza kudanganya.

Hatua ya tano: wale wasiochanjwa, na namna ya kuwauliza

Chanjo ya surua-rubela haipewi mjamzito, wala mtu ambaye kinga yake imeshuka vibaya, iwe kwa maradhi, kwa dawa za saratani au kwa vidonge vikali vya kutuliza kinga. Anayeishi na VVU na kinga yake iko vizuri anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Aliyechanjwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Na ikitokea mtu akachanjwa kumbe ana mimba asiyoijua, asitishwe na asishauriwe kuitoa. Chanjo hiyo haijaonekana kuleta madhara yanayoletwa na rubela yenyewe.

Sasa namna ya kuuliza. Mara ya kwanza niliweka meza kwenye korido nikamwuliza kila mwanamke, "Una mimba?" Sauti yangu si ndogo. Mabinti wawili ambao hawajaolewa waliinamisha vichwa, wakasema hapana, na kumbe mmoja alitoka kwenye foleni na hakurudi tena, si siku ile wala siku ya pili yake. Dada mmoja dhamana wa wodi akanivuta pembeni: "Bi, swali hilo huku kwetu haliulizwi mbele ya watu, hata kwa mwenye mume." Alisema kweli.

Tangu hapo kila mtu, mwanamme na mwanamke, hupewa kikaratasi siku tatu kabla. Kina sababu zote pamoja: mimba au kutarajia mimba mwezi huu, dawa za kupunguza kinga, homa kali leo, mzio mkali wa chanjo iliyopita, kuongezewa damu miezi ya karibuni. Chini kimeandikwa: kama lolote kati ya haya linakuhusu, usipange foleni, njoo ofisini kwangu peke yako. Hakuna anayeweka alama mbele ya mwenzake, na asiyekuja foleni hajulikani ni kwa sababu gani. Waliokuja ofisini mwaka ule walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea.

Hatua ya sita: siku ya kuchanja

Kichupa cha surua-rubela kina dozi 10 na kikishachanganywa na maji yake kinatumika ndani ya saa 6, kisha kinatupwa. Kwa hiyo usiwaite watu watatu watatu. Zungumza na kliniki ya mama na mtoto mpange siku, mkusanye kumi kumi. Msimu wa karafuu uangalie. Nusu ya watu wa zamu ya mapumziko wako mashambani.

Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Kabla ya kufungua tazama alama ya joto: mraba uliomo ndani ya duara ukishafanana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, kichupa hicho usikitumie. Maji ya kuchanganyia yawe ya kiwanda kilekile cha chanjo na yapoe kabla. Aliyechomwa akae dakika 15 pale pale, na adrenalini, dawa ya mzio mkali wa ghafla, iwepo mezani, si kabatini na ufunguo kwa mtu aliyekwenda kula.

Usichanje wodi nzima siku moja. Wachache hupata homa kati ya siku ya 7 na ya 12, na wanawake wazima wengine huumwa viungo wiki moja hadi tatu baadaye kwa sababu ya sehemu ya rubela. Yanapita yenyewe, lakini yakimkuta mtu hakuambiwa, habari inafika hadi chumba cha upasuaji kabla ya saa saba mchana kwamba "sindano ile imempooza fulani". Mwambie mapema, kwa maneno mepesi.

Watakuuliza kuhusu dini, na wana haki. Je, sindano inafungua mtu saumu? Maulamaa wengi wanaona sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Mwenye shaka achanjwe baada ya futari, kwani zamu ya usiku ipo. Na lile la jelatini ya nguruwe? Usilikane bila kujua. Baadhi ya chanjo za surua zina jelatini, nyingine hazina. Mwaka 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa juu ya chanjo ya surua-rubela: lilikiri kuwa imetumia kitu kitokacho kwa nguruwe, na likairuhusu kwa sababu ya dharura, kwa kuwa wakati ule haikuwepo nyingine ya halali. Mimi nikiulizwa husema hivyo hivyo kama ilivyo, kisha anayetaka akamuulize shekhe wake. Aliyejibiwa kwa ukweli mara nyingi hurudi.

Hatua ya saba: daftari

Kompyuta ikiwepo ni vizuri. Lakini umeme ukikatika saa nane usiku na mtoto wa surua yuko wodini, nataka karatasi. Daftari langu lina mstari mmoja kwa mtu mmoja: surua (tarehe ya dozi ya 1, ya 2, au kipimo), rubela, tetekuwanga (ndiyo, hapana, hajui), homa ya ini B (tarehe tatu na neno "tosha" au "bado"), pepopunda-dondakoo (ya mwisho lini). Sababu ya mtu kutochanjwa haiandikwi humo. Linaandikwa neno "bado" tu, na anayejua zaidi ni mimi na daktari.

Nakala ya pili inakaa kwa muuguzi wa zamu kwenye droo yenye ufunguo. Hii ya pili ndiyo ninayoigombania kila mwaka, maana wakubwa hupenda faili likae ofisini kwao, na ofisi zinafungwa saa tisa na nusu.

Hatua ya nane: mgonjwa ameingia

Mtoto ana homa, macho mekundu, mafua, kikohozi, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. Usingoje maabara.

Mtoe kwenye foleni umpeleke chumba chenye dirisha linalofunguka nje, mlango ufungwe. Mama na mtoto wavae barakoa kama mtoto anaweza kuivumilia. Anayeingia awe mwenye kinga kwenye daftari, na bado avae barakoa ya N95. Chumba alichokaa kwanza kiachwe wazi bila watu kwa saa mbili. Mpigie anayehusika na ufuatiliaji wa maradhi wilayani, kwa sababu surua hutolewa taarifa papo hapo, na damu ichukuliwe.

Kisha keti uandike nani alikuwepo. Si aliyemgusa tu. Kila aliyekuwa katika hewa ile, tangu mtoto alipoingia getini hadi saa mbili baada ya kuhamishwa. Mtu wa surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake, kwa hiyo kama alikuja juzi akiwa na mafua tu, na ile siku ya juzi ihesabu. Fungua daftari.

Mwenye dozi mbili anaendelea na kazi. Mwenye moja apewe ya pili na aendelee. Asiye na kitu achanjwe ndani ya saa 72, na hata akichanjwa asirudi kazini kuanzia siku ya 5 hadi siku ya 21 baada ya kukutana na mgonjwa. Ukihesabu: aliyekutana naye tarehe 1 akae nyumbani tarehe 6 hadi 22. Mjamzito asiye na kinga mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kuna kingamwili za kuchoma ambazo zikipatikana hupewa ndani ya siku 6.

Kwa tetekuwanga, asiye na kinga hukaa nje siku ya 8 hadi ya 21, na kumbuka mzee mwenye mkanda wa jeshi naye huambukiza tetekuwanga. Kwa rubela ni siku ya 7 hadi ya 23. Kwa kifaduro, waliokaribiana sana na mgonjwa huandikiwa antibaiotiki, na daktari ndiye atakayeamua.

Nije kwenye lililoniuma. Mwaka mmoja kijana wa mapokezi anayelipwa kwa siku aliambiwa akae nyumbani siku 17. Hakulipwa hata moja. Alipotokea mgonjwa mwingine miezi baadaye na nikaanza kuuliza nani alikuwepo, yule kijana alisema alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Walioswali adhuhuri siku ile walisema hawakumwona. Sikumlaumu hata kidogo. Kabla hujaanza kuandika majina ya waliokutana na mgonjwa, kubaliana na utawala kwa maandishi kwamba anayezuiwa kazini kwa sababu hii halipi yeye gharama: awe mwajiriwa, kibarua au mwanafunzi. Bila karatasi hiyo orodha yako itakuwa ya watu wenye mishahara peke yao.

Hatua ya tisa: wapya

Mfanyakazi mpya na mwanafunzi mpya aje na kadi yake siku ya kuripoti, na barua ya kumwita imwambie hivyo wiki mbili kabla, ili awahi sanduku la mama. Asiye nayo achanjwe dozi ya kwanza wiki hiyohiyo na asipangiwe wodi ya watoto wala ya wazazi mpaka zipite wiki mbili. Mimi huwapitia kila mwanzo wa muhula wa vyuo, na mara moja tena kabla ya Ramadhani, wakati watu bado wako kazini na hawajaanza kuomba ruhusa za sikukuu.

Yule mwanamme wa mapokezi aliyecheka alichanjwa Alkhamisi moja, wa kumi katika kichupa. Alipomaliza dakika zake 15 aliniuliza kama atapewa na peremende.